Nyenje Hai na Chembe Kavu

Yuko mjusi wa nyika kavu za Australia aitwaye mwenye ndevu, kwa miiba ya kooni anayoivimbisha na kuitia weusi aghadhibikapo. Kwao hula wadudu na majani. Katika nyumba za Ulaya na Marekani huishi ndani ya kizimba cha kioo, chini ya taa iliyo badala ya jua, akiungojea mkono wa mfugaji.

Mkono huo una njia mbili: kumtupia nyenje hai, aliyenyunyiziwa unga wa kalsiamu ili mifupa ya mjusi isilegee, au kumwekea chembe kavu za kiwandani. Wapo wachaguao chembe kwa huruma, wasitake kushuhudia kiumbe akitafunwa. Lakini ndani ya baadhi ya chembe hizo mna wadudu waliokaushwa na kusagwa. Kifo hakikuondoka, kimesogezwa mbali na macho. Naye mjusi, ambaye hamu yake huamshwa na kinachotambaa, huweza kuzipita kama changarawe.

Hata hivyo nyenje naye ana haki yake. Alishwe vyema kabla ya kuliwa, wala asiachwe kizimbani usiku kucha, kwani njaa humfanya amng'ate mjusi aliyelala.

Aliyemfungia kiumbe njia ya mawindo amejitwika deni la kumwindia. Huruma ifumbayo macho humpumzisha mwenye huruma. Mwenye njaa hubaki na njaa yake.