Sauti Iliyoshikwa ni ya Nani?

Leo twawaletea swali lililotupata sisi wenyewe, wala hatukulitafuta. Mtu akisema mbele ya mikro, na sauti yake ikashikwa ndani ya chombo, sauti ile ni ya nani tangu saa ile? Ni yake bado? Ni ya yule aliyeishika? Au imekuwa mali ya wote watakaoisikia?

Tungeweza kulijibu upesi, kwa namna tuliyozoezwa seminarini: kugawanya swali vipande viwili na kukipa kila kipande jibu lake. Lakini swali lililetwa kwetu na mama mjane, aliyesimama mlangoni na jembe begani, na jibu la namna ile halikumtosha.

Tueleze mambo kwa taratibu. Katika kilima kimoja cha Kivu ya Kusini wamama 11 walikusanyika majuma sita katika jumba la parokia, kila Jumanne na kila Ijumaa, kujifunza kazi ya redio. Wengi wao ni wakulima, mmoja ni mshonaji, wawili huuza sambaza sokoni. Aliyewafundisha ni mama vilevile, mtangazaji wa redio ndogo ya mahali. Sisi tulipewa kazi ya kufungua jumba na kuangalia mashine ya umeme, kwa hiyo tulisikia mengi bila kualikwa.

Tulidhani watafundishwa kusema. Wanaume wa kilima walidhani vivyo hivyo, nao walicheka sana: tangu lini wamama wahitaji mwalimu wa kusema? Kumbe siku ya kwanza walifundishwa kunyamaza. Mwalimu aliwasha chombo chake kidogo, akawaambia wakae kimya nusu dakika, naye akashika kile kimya chenyewe: kuku wa mbali, na bati la paa likilialia kwa jua. Akaeleza kwamba kila chumba kina kimya chake, na kwamba kitahitajiwa baadaye katika kazi ya kukata na kuunga maneno, waiitayo montaji. Pasipo kimya kile, mahali palipokatwa husikika kama shimo njiani. Kisha akawaonyesha kushika mikro shibiri moja mbali na kinywa, bila kuchezesha vidole. Kuitika kwa kichwa na si kwa sauti, maana “eeh, eeh” ya muulizaji huharibu maneno ya mwenzake. Na kutouliza swali ambalo mtu aweza kulijibu kwa ndiyo au hapana tu. Muuza sambaza mmoja aliungama mbele ya wote kwamba katika miaka 20 ya soko hajamwacha mtu hata mmoja amalize sentensi yake.

Kama mwanamke astahili kusema redioni, hilo hatutalibishania. Kwetu Kivu limekwisha kujibiwa kwa matendo, tena kwa gharama kubwa. Radio Maendeleo ilianzishwa Bukavu mwaka 1993, kabla ya vita. Humo Chouchou Namegabe alijifunza kazi akiwa kijana bado, na mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wamama wa habari wa Kivu ya Kusini, kiitwacho AFEM, ili kuwafundisha wengine na kuwapelekea mikro wamama wa vijijini. Ameeleza kwamba walipotaka kutangaza jeuri waliyotendewa wanawake wakati wa vita, walikosa neno la kuitaja waziwazi. Walizunguka na mafumbo, mpaka wakaazima neno “ubakaji” kutoka Kiswahili cha Tanzania. Tafadhali msomaji, usipite hapo haraka. Jambo lisilo na jina, aliyelipata hudhani ni yeye peke yake duniani aliyelipata. Wamama wale walileta neno, na kwa neno lile wengine wakajua kwamba hawako peke yao, wakatoka mafichoni, wakaenda hospitalini.

Malipo yao? Mwaka 2009 watangazaji watatu wanawake wa Bukavu walitishiwa kuuawa kwa maandishi ya simu. Haikuwa mzaha: Serge Maheshe wa Radio Okapi alikuwa ameuawa katika mji ule mwezi wa Juni 2007, na Didace Namujimbo, wa redio ile ile, mwezi wa Novemba 2008. Hata hivyo wamama hawakuziacha mikro zao. Caddy Adzuba, mwanasheria na mtangazaji wa Radio Okapi, alipewa mwaka 2014 tuzo ya Hispania ya Mwanamfalme wa Asturias kwa ajili ya mapatano kati ya watu.

Na bado kazi haijaisha. Wako watafiti ambao kila miaka mitano huchagua siku moja na kuhesabu, katika nchi nyingi za dunia, ni nani wanaotajwa na kusikika katika habari. Mwaka 1995 wanawake walikuwa 17 kwa kila watu 100. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25 kwa hatua nane! Hata mzee wetu wa kanisa, ambaye hutembea kwa fimbo mbili, angefika mbali zaidi.

Basi sasa turudi kwa mama mjane.

Katika juma la nne wanafunzi walitumwa kutafuta habari ya kweli kilimani. Sisi ndio tuliowaambia: nendeni kwa mama fulani. Tulijua kwamba mdogo wa marehemu mumewe alikuwa amemnyang'anya shamba la mihogo na kutaka kumtoa nyumbani, ingawa Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, tangu mwaka 1987, humpa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Tulitaka watu walijue jambo hili. Nia ilikuwa njema, na twaandika hivyo bila kujitetea, maana nia njema ndiyo iliyotufumba macho.

Mjane alisema dakika 40. Mwanafunzi mmoja, yule mshonaji, alikaa na mwalimu wake mbele ya ordinatere, wakakata na kuunga, zikabaki dakika nne. Zilipendeza! Hata sisi tulisifu. Jina halikutajwa, wala kilima hakikutajwa. Ijumaa jioni redio ikazitoa.

Kabla ya neno la tatu kilima kizima kilimjua. Tulisahau kwamba kijijini sauti ya mtu ndiyo jina lake. Mtu hujulikana kwa kikohozi chake gizani. Asubuhi vyungu vyake vilikuwa nje, na mlango umefungwa kwa misumari.

Lakini si hilo alilokuja kutuambia. Alikuja kwa ajili ya mama mkwe wake. Katika zile dakika 40 alikuwa amesema kwamba mama mkwe ndiye aliyemlisha yeye na watoto miaka miwili baada ya kifo cha mume, na kwamba yule mzee alilia siku shamba lilipochukuliwa. Maneno hayo yalikatwa, maana saa ilikuwa fupi na yalichelewesha habari. Yaliyobaki ni “watu wa mume wangu walinitupa.” Yule bibi kizee alisikia hayo kwa jirani, akaacha kutoka nje.

“Mwalimu,” mjane alituambia, “maneno yale ni yangu yote. Lakini mimi sikuyasema hivyo.”

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile twalitafuta.

Je, kukata ni kusema uongo? Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, asema kwamba kuficha kweli na kusema uongo ni mambo mawili mbalimbali. Anyamazaye jambo hajadanganya. Kwa fundisho hilo mshonaji wetu hana kosa: hakuongeza hata neno moja. Na ni kweli kwamba pasipo kukata hakuna redio. Nani atasikiliza dakika 40 akiwa na mtoto mgongoni na sufuria motoni? Hata mtu asimuliapo safari yake hukata. Hatuelezi kila jiwe tulilokanyaga.

Lakini twaona kwamba kuna kukata kwa namna mbili. Kukata matawi ili mti usimame vizuri ni kazi moja; kukata shina moja kati ya mawili, kisha kuwaonyesha watu mti wa shina moja, ni kazi nyingine. Mjane alikuja na maumivu na shukrani pamoja. Tukatoa maumivu peke yake, kwa sababu maumivu husikika vizuri zaidi redioni. Kila neno lilikuwa la kweli, na mtu aliyesikika hakuwa yeye. Augustino alikuwa akimfikiria mtu anayenyamaza maneno yake mwenyewe. Sisi tulimnyamazisha mwingine katikati ya sentensi yake, na kimya kile cha jumba, kilichoshikwa siku ya kwanza, kikafunika mahali tulipokata hata asisikie mtu.

Tena liko jambo la pili, na hilo ni letu zaidi. Mtasema: lakini alikubali! Ndiyo, alikubali. Nani alimwomba? Sisi, tuliowafundisha watoto wake kabla ya ubatizo wao. Angetuambia hapana kwa kinywa kipi? Ndiyo iliyotolewa kwa heshima si ndiyo kamili, na mtu mwenye cheo, hata cheo kidogo kama cha katekista, yampasa kuipima mara mbili. Hapo tulianza kuelewa faida ya mafunzo yale kuliko mara ya kwanza. Tulidhani faida ni kwamba wamama wasikike. Lakini wamama walisikika tangu zamani, wakilia, wakati wengine walishika mikro na kisu. Faida ni kwamba mama akae mwenyewe penye kukata, na kwamba anayekuja kuomba habari awe mtu ambaye mjane aweza kumfukuza bila woga.

Hata hivyo tusidanganyike. Mshonaji ni mwanamke, na ndiye aliyekata. Kuwa mwanamke hakumfundishi mtu kisu kinakata nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo Jumanne iliyofuata, na somo lote la siku ile likageuka mabishano.

Sokrate wa Athene, ambaye mama yake alikuwa mkunga, alilinganisha kazi yake ya kuuliza watu na ukunga: yeye hazai, huwazalisha wengine. Tuliwaeleza wamama jambo hili, na muuza sambaza wetu, ambaye kweli huzalisha kilimani, akatuuliza: “Mwalimu, mkunga akishapokea mtoto, humpa nani kwanza?” Humpa mama yake. Halafu watu wa mlangoni humwona. Wakakata shauri papo hapo: mtu anayesimulia jeraha lake atasikilizishwa maneno yaliyokatwa kabla hayajatoka, akiwa nyumbani kwake, mbele ya mwanamke mmoja tu, naye akisema hapana, ni hapana, hata kama habari ni tamu namna gani.

Mwalimu wao hakukubali yote. Aliuliza: je, na mkubwa aliyekula mbegu za msaada, naye tumpelekee kwanza ili akatae? Swali zuri. Sisi twadhani hapana. Anayesema juu ya madaraka aliyopewa kwa ajili ya watu, maneno yake ni ya watu. Yampasa kupewa nafasi ya kujibu kwa haki, lakini si nafasi ya kufunga mlango. Anayesema juu ya mwili wake na nyumba yake hakupewa vitu vile na watu. Mpaka kati ya hao wawili si mnyofu kila mahali, twakiri. Yule shemeji aliyepiga misumari, je, yuko upande gani?

Na liko shauri gumu zaidi, ambalo lilitunyima usingizi. Mjane akikataa, na jirani yake aliye katika taabu ile ile akabaki akidhani yuko peke yake? Tumekwisha kusema neno “ubakaji” lilivyowatoa watu mafichoni. Kimya nacho huua. Lakini tukimlazimisha mmoja kwa ajili ya faida ya wengine, tumemfanya chombo, na wengi wa wale waliosimulia mambo yao Kivu walikuwa wamekwisha kufanywa chombo mara moja, na watu wenye bunduki. Hatuoni kwamba sisi twaweza kufanya vile kwa mikro. Afadhali kutafuta mwingine atakayekubali, au kungoja.

Mjane hakutaka kushika mikro tena. Alirudi nyumbani baada ya siku tisa, wazee walipoitoa misumari; shamba bado. Aliomba kitu kimoja: maneno juu ya mama mkwe yatoke redioni. Redio ilijibu kwanza kwamba habari imekwisha kupita. Mshonaji alienda huko kwa miguu mara mbili. Mwishoni walikubali, akayasoma yeye kwa sauti yake mwenyewe, sekunde 20, Alhamisi moja ya mvua kubwa. Tulikuwa kwa bibi kizee saa ile. Pili za redio yake zilikuwa zimekwisha. Tulimwambia kwa kinywa yaliyosemwa, naye akatuuliza kama ni mkwe wake aliyeyasema au ni sisi.