Barabara ni ya Nani?



Tangu Juni 2024 swali moja limekuwa likirudi kila tunapokunywa chai baada ya ibada. Vijana wetu wanataka kwenda kusimama na mabango mbele ya balozi; wazazi wanawaambia wakae nyumbani. Mzee mmoja anafungua Warumi 13 na kusema mamlaka yamewekwa na Mungu, kwa hiyo askari akisema ondoka, unaondoka. Binti aliyezaliwa hapa Brent anamjibu, kwa adabu lakini bila kuinamisha kichwa, kwamba barabara ni ya umma na yeye ni mmoja wa umma. Wote wawili ni wetu, na sisi viongozi tumekaa kimya muda mrefu mno.

Tuanze na hoja ya ugeni, maana kwa wengi wetu ina nguvu kuliko hata hiyo ya Maandiko. Tunaamini moyoni kwamba mgeni hapigi kelele katika nyumba ya watu. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tulishapewa zamani: tunaosha wagonjwa, tunaendesha mabasi, tunalipa kodi ya kaunsili. Mwenye jembe mkononi ana neno la kusema kuhusu shamba.

Na waliotutangulia walilisema. Vituo viwili kutoka Wembley Park kwa treni ya Jubilee, pale Dollis Hill, palikuwa na kiwanda cha kusafisha picha kilichoitwa Grunwick. Agosti 1976 wafanyakazi wake waligoma. Wengi walikuwa kina mama wa asili ya Kihindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, watu ambao huenda wangetujibu salamu zetu kwa Kiswahili. Kiongozi wao, Jayaben Desai, aliishi Tanzania kabla ya kuja huku. Madai yao hayakuwa makubwa: chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe, na wasilazimishwe saa za ziada kwa mshahara mdogo na maneno ya dharau. Kiangazi cha 1977 maelfu ya watu walikuja kusimama nao langoni, na polisi nao wakaja kwa wingi. Hadi mgomo unakwisha Julai 1978, zaidi ya watu 500 walikuwa wamekamatwa. Askari mmoja kijana alipigwa chupa kichwani akaanguka akivuja damu, na picha yake ikajaa magazetini. Mgomo ulishindwa, kazi hawakurudishiwa. Hata hivyo, mzazi anayesema "sisi si watu wa mambo hayo" na ajue kwamba watu wa kwetu walisimama katika mitaa hii hii kabla wengi wetu hatujapata hata pasipoti.

Kijana naye tusimdanganye. Tulio Wembley tunajua umati ni nini. Tarehe 11 Julai 2021, siku ya fainali ya Ulaya kati ya Uingereza na Italia, watu wapatao 2,000 wasio na tiketi waliingia uwanjani kwa nguvu, na uchunguzi uliofuata ulisema ilibaki kidogo tu watu wafe. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza kwa nini polisi wapo. Tunauliza walikuwa wapi. Mama mwenye mtoto kwenye kigari ana haki ya kupita. Gari la wagonjwa lina haki ya kupita, na hilo tunalisema kwa uchungu wa kazi. Anayedhani kila mwenye sare ni adui hajawahi kuwa peke yake usiku akimhitaji.

Kwa hiyo kubishana kama askari ana mamlaka ni kupoteza muda. Anayo. Kazi ngumu inaanzia hapo, na sisi wauguzi tunaijua kwa sababu nasi tunayo kidogo. Mgonjwa aliyechanganyikiwa akitaka kung'oa dripu, tunamshika mikono. Kwa dakika hiyo tumemnyima uhuru wake. Sheria ya nchi hii ya 2005 inaturuhusu, kwa masharti: iwe lazima ili asidhurike, na nguvu isizidi hatari iliyopo. Kumshika kwa sababu anatuchosha, au kwa sababu ametutukana, ni kosa, hata kama tumevaa sare safi na tuna usajili.

Olaseni Lewis alikuwa kijana wa miaka 23. Mwaka 2010 alifariki baada ya askari 11 kumkandamiza katika hospitali ya magonjwa ya akili, kusini mwa London. Wazazi wake walihangaika miaka mingi. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama lilisema nguvu iliyotumika ilizidi kiasi, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake la nyumbani, Seni. Sasa hospitali za namna hiyo hulazimika kuandika kila mara nguvu inapotumika, na askari akiitwa huko anatakiwa kuwa amewasha kamera. Tunaona hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mkono wenye nguvu sharti uwe na mtu wa kuuliza ulifanya nini.

Tukilinganisha sheria za kwetu na za hapa kwenye karatasi, tofauti si kubwa kama tunavyodhani. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na polisi hupewa taarifa tu, hawaombwi ruhusa. Hapa pia, kwa sheria ya 1986, wenye maandamano hutoa taarifa ya maandishi siku 6 kabla, na mkutano wa kusimama mahali pamoja hauhitaji hata hiyo. Polisi wanaweza kupanga njia na muda. Kupiga marufuku maandamano kabisa kunahitaji kibali cha waziri.

Karatasi haikuwasaidia vijana wa Nairobi tarehe 25 Juni 2024. Kufikia Julai mosi, Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Na wale wanaosema usalama ni kukaa mbali wamkumbuke Akwilina Akwilini, mwanafunzi aliyeuawa kwa risasi Dar es Salaam tarehe 16 Februari 2018. Hakuwa akiandamana. Alikuwa abiria ndani ya daladala wakati polisi wakitawanya wafuasi wa upinzani. Waliofikishwa mahakamani kwa ajili ya siku ile ni viongozi wa upinzani; askari hakuna.

Hapa nako si peponi. Siku ya kutawazwa Mfalme Charles, 6 Mei 2023, wapinga ufalme walikamatwa asubuhi kabla hawajainua mabango, ingawa walikuwa wamezungumza na polisi kwa miezi. Sheria mpya ilikuwa imeidhinishwa siku 4 tu nyuma yake. Waliachiwa bila mashtaka na polisi wakaeleza masikitiko yao. Mei 2025 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba waziri alivunja sheria alipowaruhusu polisi kuyawekea mipaka maandamano yenye usumbufu wowote unaozidi ule mdogo. Serikali ilishitakiwa na ikashindwa. Hilo ndilo tungependa tulione kwetu, kuliko magorofa na treni.

Tumrudie mzee na Warumi 13. Aliyeandika sura ile ndiye yule tunayemsoma katika Matendo 16, aliyepigwa viboko Filipi bila hukumu pamoja na Sila. Kesho yake wakubwa wa mji walituma askari wamwachie aende zake kimya kimya. Alikataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani, basi wakubwa waje wenyewe wawatoe. Wakaja, wakawasihi. Paulo hakumgusa askari jela, tena usiku ule alimzuia asijiue. Aliheshimu mamlaka kwa kuyadai yafuate sheria yake yenyewe.

Linabaki jambo moja la kivitendo. Muuguzi akishitakiwa au akipewa onyo rasmi la polisi, lazima alitaarifu baraza lake. Mwenye viza ya muda anaweza kuulizwa mambo hayo anapoomba kuongezewa. Tusimwite mwoga ndugu huyo akibaki nyumbani, wala tusimsukume. Lakini miongoni mwetu wapo wenye pasipoti ya Uingereza tangu miaka ya tisini, watoto wamekua, nyumba imelipwa. Paulo alikuwa na uraia, na siku ile aliutumia. Wenye uraia wetu tunawaona kila Jumapili, wamekaa viti vya mbele.