Wa Ng'ambo Atamla

Mwezi wa tatu mwaka jana nilikuwa likizoni Lobule, wilaya ya Koboko, nyumbani kwa mama mkubwa. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Bwawa la bondeni, upande wa mpaka wa Kongo, lilikuwa limebaki na maji ya magoti tu, na bata waliokuwa wametawanyika huko na huko walikuwa wamejazana hapo: wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi wakiruka, na wengine wadogo wanaotoka Ulaya na Asia mwishoni mwa mwaka na kurudi kwao mvua zinapokaribia. Usiku binamu yangu alitega kamba pamoja na rafiki yake, kijana mkimbizi kutoka makazi ya Lobule, yaliyofunguliwa 2013 kwa ajili ya watu waliokimbia Kongo. Asubuhi walirudi na bata sita.

Niliuliza swali la mtu wa chuo: je, hili si kosa? Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inasema wanyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na hairuhusu kuwinda bila kibali. Binamu alicheka. "Tukimwacha," alisema, "wa ng'ambo atamla kesho."

Bata wawili walipikwa siku hiyo, na mimi nilikula. Naona ni vizuri niliseme hilo mapema ili msomaji asidhani ninahubiri nikiwa nimekaa mbali na chungu. Wale wanne waliobaki waliuzwa sokoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitafakari sentensi ya binamu. Ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni utabiri: bata huyu ataliwa hata kama sisi hatumli. La pili ni ruhusa: kwa hiyo si vibaya tukimla. Utabiri wenyewe siwezi kuukataa. Bata hajui mpaka. Akiruka kidogo tu yuko Kongo, ambako sheria ya Kampala haifiki. Garrett Hardin aliandika jambo linalofanana na hili mwaka 1968, kuhusu wachungaji wanaotumia malisho ya pamoja: kila mmoja anaongeza ng'ombe kwa sababu anajua akijizuia mwenzake hatajizuia, na mwisho malisho yanakwisha. Lakini kutoka kwenye utabiri hadi kwenye ruhusa kuna hatua, na binamu aliiruka kama mtu anayeruka mfereji bila kutazama chini.

Sisi watu wa West Nile tuna sababu ya kuitazama hatua hiyo kuliko wengine. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliishika kwa mkataba wa kukodi uliokuwa uishe muda mfupi baada ya kifo chake. Alikufa Desemba 1909. Katikati ya mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa kwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Katika kipindi kile, mwenye nyumba mmoja akiwa anaondoka na mwingine hajaingia, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika kutoka pande zote. Kila mmoja alijua kwamba ndovu atakayemwacha atauawa na mwenzake. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingoni mwa Nile, mahali panapoitwa Rhino Camp hadi leo. Yeye na mwanawe waliua faru weupe tisa. Yeye alikuwa na hoja nyingine: aliwataka kwa ajili ya makumbusho. Sisemi kwamba Roosevelt peke yake aliwamaliza faru. Ujangili uliokuja miaka mingi baadaye ulifanya kazi kubwa zaidi. Ila leo Rhino Camp ina wakimbizi wengi na haina faru wa porini, na dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini alikufa Kenya mwaka 2018.

Ninachokiona katika habari ya Lado ni kwamba hoja ya ng'ambo haina mahali pa kusimama. Ukiua ndovu mmoja kwa hoja hiyo, inakuruhusu pia wa pili, na wa mia.

Njaa ni tofauti, na hapa simtetei binamu kwa sababu tu ni ndugu. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawia wakimbizi wa Uganda chakula kwa makundi kulingana na mahitaji, na familia ya rafiki yake inapata kidogo kuliko zamani. Mtu wa namna hiyo akitega kamba, mimi siwezi kumsomea kifungu cha sheria na kulala vizuri. Lakini njaa ina kikomo. Ukishiba, hoja yake imekwisha mpaka kesho. Bata wawili waliingia chunguni kwa hoja ya njaa. Wale wanne walikwenda sokoni kwa hoja ya ng'ambo. Nilipomwambia binamu hivyo alinijibu kwamba pesa ile ilinunua sabuni na daftari za wadogo zake. Nikanyamaza, maana pamoja na sabuni na daftari ilinunua pia muda wa maongezi wa simu yake, na nilijua kwamba nikianza kupanga kipi ni haja na kipi si haja katika nyumba isiyo yangu, sitafika mbali.

Aliyenisaidia zaidi ni bibi. Alikuwa anachambua maharage, akasikia sentensi ile, akauliza, "Ng'ambo ipi? Kwa kaka zangu?" Bibi alizaliwa upande wa Kongo. Sisi Wakakwa tuko Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na tunaoana na kuzikana bila kuuliza pasipoti. "Wa ng'ambo" wa binamu, yule mlafi asiye na jina, ni wajomba wa mama yake. Na bila shaka wao nao, wakikaa kando ya bwawa lile lile, wanasema hivyo hivyo juu yetu. Serikali zimejaribu kulijibu jambo hili kwa njia yao: upo mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa The Hague 1995, na Uganda ni mwanachama. Sijamkuta mtu wa Lobule aliyeusikia. Lakini wajomba tunakutana nao kila penye msiba, na hakuna aliyewahi kuwauliza habari za bata.

Mwaka huu sikwenda. Binamu alinitumia ujumbe kwamba bwawa lilikauka mapema, wakakamata wanne, wakala wawili. Nimemjibu kuhusu mvua na kuhusu afya ya bibi. Kuhusu wale wawili wengine bado sijamwuliza.