Dawa ya Nywele

Mwanadamu hupenda kuonekana vema. Mapenzi hayo si kosa, maana hata ndege huyachambua manyoya yake kabla ya kuruka. Lakini kila pendo lina mpaka wake, na mpaka ukivukwa mpenda huwa mtumwa wa kile akipendacho. Liko neno moja katika lugha yetu litufundishalo jambo hili, nasi hulitamka kila siku bila ya kulipima. Mtu atakaye nywele zake za kipilipili zinyooke kama nywele za singa husema kuwa anakwenda kutia dawa. Dawa, kama kila mtoto ajuavyo, hupewa mgonjwa. Yatupasa basi kuuliza: nywele zilizoota kichwani kama zilivyoota vichwani mwa bibi na babu zilikuwa zinaugua ugonjwa gani?

Swali hilo huzaa la pili. Dawa ya kunyosha ikiisha kuzikausha nywele na kuzikatakata, huja dawa nyingine, ya protini, ambayo kazi yake ni kuzirudishia nguvu. Hivyo tumepata dawa ya kuiponya dawa. Je, kutengeneza kilichoharibika ni wema sikuzote, au huweza kuwa njia ya kuendelea kuharibu? Hilo ndilo jambo ambalo insha hii yataka kulipima.

Hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta. Katika nchi ya chai, toka Kericho mjini mpaka Litein, Kapkatet na Mogogosiek, na kutelemkia Sotik na Bomet, ni shida kuliona soko lisilo na saluni. Ndani yake mna kioo, viti, beseni, chombo cha mvuke, na makopo yaliyopangwa rafuni. Makopo mengine huahidi unyofu, na mengine, yaliyo karibu nayo katika rafu ile ile, huahidi kuziponya nywele zilizodhurika. Mwenye kununua la kwanza mara nyingi hurudi kununua la pili.

Kabla ya kuhukumu jambo ni haki kulijua. Unywele hujengwa karibu wote kwa protini iitwayo keratini, ambayo imo pia katika kucha zetu na katika kwato na pembe za ng'ombe. Nyuzi za keratini hushikamana kwa vifungo vya salfa, na juu yake hulala magamba membamba, moja juu ya jingine, kama vigae juu ya paa. Sehemu iliyo hai ni shina lililofichwa ndani ya ngozi, ambako unywele mpya hutoka kwa kiasi cha karibu sentimita moja kwa mwezi. Sehemu tuionayo, tuichanayo na tuisukayo haina uhai, na ndiyo maana kinyozi huikata bila ya kumwumiza mtu.

Unywele wa kipilipili una tabia yake. Ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, umbo lake si duara kamili bali ni bapa kidogo, nao hujikunja na kujizungusha katika urefu wake wote. Kila kona ni mahali pawezapo kukatwa na chanuo, na mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki nchani upesi kama yafikavyo katika unywele ulionyooka. Huo si ugonjwa. Ni umbile lenye masharti yake, kama mchai ulivyo na masharti yake ya mvua nyingi na udongo wenye asidi; wala mkulima haulaumu mchai kwa sababu si mhindi.

Dawa ya kunyosha ilianza kwa namna ya ajabu. Garrett Morgan, Mmarekani mweusi, alikuwa na duka la kushonea nguo katika mji wa Cleveland mwanzoni mwa karne ya 20. Husimuliwa kwamba alikuwa akitafuta maji ya kuizuia sindano ya cherehani isiunguze sufu kwa kasi yake, akaona kuwa maji yale yamezinyosha nyuzi za kitambaa. Akayajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa nywele zake mwenyewe, na mwaka 1913 akawa na kampuni ya kuyauza. Dawa nyingi zilizofuata baadaye zilitengenezwa kwa sodiamu haidroksaidi, ambayo viwanda huitumia pia kupikia sabuni. Nguvu yake ni kuvivunja vile vifungo vya salfa. Unywele ulionyoshwa hivyo haujikunji tena mpaka ukatwe na mwingine uote mahali pake. Dawa ikikawia, au ikigusa ngozi yenye mkwaruzo, huunguza.

Dawa ya protini hufanya kazi nyingine. Protini ya sufu, ya hariri, ya ngano au ya ngozi za wanyama huvunjwavunjwa viwandani kuwa vipande vidogo sana. Vipande hivyo hushika mahali palipobanduka magamba, na vilivyo vidogo zaidi hupenya ndani kidogo, kama udongo uzibwao katika nyufa za ukuta. Nywele hupata nguvu na hazikatiki upesi. Lakini ukuta haukujengwa upya. Vifungo vilivyovunjika havikurudi kama vilivyokuwa, na kila kichwa kioshwapo kiraka hupungua. Tena protini ikizidi, nywele hukakamaa na kukatika kwa ugumu wake. Mkulima wa chai hatashangaa kusikia hayo, kwa kuwa anajua kwamba mbolea hutiwa chini penye mizizi. Akiimwaga juu ya majani yaliyokwisha kuchumwa, hata kikapu kikijaa mbolea, hapana jani litakalochipua.

Sasa tuwasikilize wenye hoja. Wako wasemao kuwa mambo haya yote ni upuuzi, na kuwa mwenye akili hashughuliki na nywele. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtazame mwanamke mchuma chai. Hurauka mapema, akafunga kilemba kwa sababu ya mvua na baridi, akatwika kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vikabadilika rangi. Jioni kazi yake yote hupimwa kwa mizani na kuandikwa kwa kilo. Siku ya mapumziko akikaa mbele ya kioo, na mikono ya mwenziwe ikakitunza kichwa chake taratibu, kwa muda huo hapimwi kwa kilo. Anayemcheka hajui kuwa mtu hushiba kwa heshima kama ashibavyo kwa chakula.

Wengine husema: nywele ni zangu, fedha ni zangu, hapana wa kuniuliza. Katika neno hili mna haki kubwa, na historia yetu inaitetea. Mwaka 1968, katika Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo tangu Januari 1969 ilikusudia kuzikomesha sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Ilisemwa kuwa utamaduni unalindwa. Lakini katika Dar es Salaam walitokea vijana wa kiume walioyachukua maneno hayo kuwa ruhusa ya kuwashambulia wanawake njiani. Heshima iliyokusudiwa kulindwa ilivunjwa na mikono iliyojidai kuilinda. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Nao walisema kweli, lakini hawakumpa mtu yeyote ruhusa ya kumrudisha mwenziwe katika asili kwa fimbo.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kuchagua si sawa na kuchagua vema. Pale ambapo askari hana ruhusa ya kuuliza, ndipo dhamiri inapopaswa kuuliza kwa sauti kubwa zaidi. Iulize kwanza: nani aliyeniambia kuwa nywele zangu ni mbaya? Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Uganda alichapisha utenzi wake Song of Lawino, na ndani yake mwanamke wa Kiacholi, aliyedharauliwa na mumewe msomi, huzitetea nywele zake kwa ujasiri. Miaka imepita, na bado mtoto mdogo husikia mtu akisema kuwa fulani ana nywele nzuri, naye hufahamu bila ya kufafanuliwa kuwa zisemwazo ni za singa. Aliyelishwa neno hilo tangu utotoni hudhani anachagua, kumbe anatii.

Dhamiri na iulize pia: gharama ni nini? Oktoba 2022 taasisi za taifa za afya za Marekani zilitoa matokeo ya utafiti juu ya wanawake 33,497, waliofuatwa kwa karibu miaka 11. Kwa wale wasiotumia dawa za kunyosha, ilikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara nyingi, kadiri ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti kama huo hauthibitishi kuwa dawa ndiyo iliyoleta saratani, na wengi wa watumiaji hawakuugua. Lakini mwenye busara akiona moshi hangoji ndimi za moto ndipo atafute maji.

Iko na gharama nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Dawa ya protini huandaliwa hata jikoni: yai hupigwa, likachanganywa na maziwa au parachichi, kisha likapakwa kichwani. Protini ya yai ni kubwa mno kuupenya unywele. Hukaa juu yake, kisha huoshwa ikaenda na maji. Yai hilo hilo lina protini ya karibu gramu 6. Likiliwa, huingia mwilini, na damu huipeleka protini kwenye shina la nywele, ambako unywele hujengwa. Mtoto akosaye protini muda mrefu huweza kushikwa na kwashiorkor, ambao wengine huuita unyafuzi. Uso na miguu yake huvimba, na nywele zake hubadilika rangi zikawa nyekundu, nyembamba, na kung'oka kwa kuvutwa kidogo. Hapo unywele husema habari za sufuria ambazo mdomo huona haya kuzisema.

Basi ikiwa katika nyumba moja yai hupakwa kichwani mwa mkubwa, na mtoto hulala kwa ugali na chai ya rangi, kosa halimo katika yai wala katika nywele. Limo katika mpango wa mapenzi yetu, uliotanguliza kionekanacho kabla ya kilicho. Nchi ya mursik na maharagwe haina udhuru wa kulisahau jambo hilo. Wazee waliwahi kuonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti.

Tuseme nini basi juu ya yule ambaye nywele zake zimekwisha kudhurika, naye sasa anajuta? Hapa protini hupata heshima yake. Mtu aliyevunjika mguu hufungwa gango. Gango si mfupa, wala haliponyi kwa nguvu yake. Hushikilia tu mpaka kazi ya mwili itimie. Ni jambo jema kulifunga. Lakini hapana afungwaye gango ili arudi kesho kuruka kutoka juu ya ukuta ule ule uliomvunja. Aliyeacha kuharibu, akatumia protini kwa kiasi ili kilichopo kisikatike ovyo mpaka kijacho kiote, ametengeneza. Atumiaye protini leo ili kichwa chake kiweze kuivumilia dawa ya kunyosha mwezi ujao hakutengeneza. Amelipa ada ya kuendelea kuharibu. Kopo ni moja na bei ni moja, ila kusudi huvitenga vitendo viwili kama mto unavyovitenga vijiji.

Kungoja ndiko kugumu. Kila baada ya miaka michache mkulima wa Kericho huipogoa michai yake. Shamba lililokuwa kijani hubaki vijiti vitupu, na kwa miezi kadhaa halimpi majani. Mpita njia asiyejua hudhani limekufa. Mwenye shamba hutulia, kwa kuwa anajua kuwa mizizi i hai na kwamba machipukizi yajayo yatakuwa na nguvu kuliko yale yaliyochoka. Kadhalika, azikataye ncha zilizooza na kungoja unywele mpya hana budi kuonekana vibaya kwa muda. Sentimita moja kwa mwezi ni mwendo wa polepole, nao hauharakishwi na fedha.

Wewe, msomaji kijana, labda kichwa chako sasa kimenyolewa kwa sheria ya shule, na habari hizi waziona za watu wazima. Likizo ya mwisho itafika, na kioo kitakuwa chako, na fedha zitakuwa zako. Tena si nywele peke yake zitakazokungoja. Utaharibu urafiki kwa neno kali, nawe utataka kuupaka zawadi; utaharibu jina kwa uongo, nawe utataka kulipaka uongo wa pili ulio laini zaidi. Kila mara utaiona dawa ya kuiponya dawa imewekwa rafuni. Kabla ya kunyosha mkono, jiulize kama umekwisha kuacha lile lililoleta dhara. Ukiwa umeliacha, itwae bila ya haya na uitumie kwa kiasi. Ukiwa hujaliacha, iache rafuni na ushughulike kwanza na mzizi.