KILEVI KAZINI NI KUKHINI AMANA

Khutba ya Ijumaa
(Tafadhali usisome karatasi hii imamu akiwa juu ya mimbari)

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Allah, tunamhimidi, tunamwomba msaada na msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, ninajiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Allah, na hasa pale ambapo hakuna mtu anayetuona.

Wengi kati yetu wanakula kwa kazi ya Leta: kwenye komine, kwenye sekta, kwenye kituo cha afya, kwenye kodi za soko. Kazi hiyo ni amana. Leo tunasema juu ya mtu anayefika kazini amelewa lutuku au amevuta bangi, na juu ya mkubwa wake: afanye nini naye?

Fikirieni mama aliyejifungua. Sheria ya nchi yetu inampa siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Anafika siku ya 88, mtoto mgongoni. Mwandishi amelala juu ya meza, kinywa kinanuka. Mama anaambiwa arudi kesho. Kesho mwandishi haonekani. Siku 90 zikipita, lazima mama apitie mahakamani, na huko kunataka pesa na safari. Mlevi husema: "Ninajidhuru mwenyewe tu." Je, mtoto huyu naye si mtu?

Allah aliharamisha ulevi kwa hatua. Katika Al-Baqara aya 219 alitufahamisha kwamba dhambi yake inapita faida yake. Katika An-Nisaa aya 43 akakataza kuikaribia swala katika ulevi, mpaka mtu ajue anachosema. Katika Al-Maida aya 90 na 91 akaufunga mlango kabisa. Basi ikiwa mlevi amezuiwa kusimama kwenye swala kwa kuwa hajui anachosema, ataachwaje kutia saini na muhuri juu ya haki za watu?

Lakini wakubwa wa kazi nao wana makosa mawili. Wa kwanza anaficha: "Ni mtoto wa kwetu, tumwache." Wa pili anasikia uvumi tu, anamtukana mtu mbele ya raia na kumfukuza siku ile ile, kisha jamaa yake mwenyewe anakaa kwenye kiti kile. Yule wa kwanza amewadhulumu raia, huyu wa pili amemdhulumu mfanyakazi.

Tazameni Sayyidna Umar (r.a.). Alimweka Qudama bin Madh'un kuwa mtawala wa Bahrain. Qudama alikuwa mtu wa Badr, na dada yake alikuwa mke wa Umar. Wanahistoria wanasimulia kwamba Al-Jarud alikuja Madina kumshitaki kwa kunywa pombe. Umar hakusema "shemeji yangu hawezi", wala hakumhukumu kwa neno la mtu mmoja. Aliuliza: nani anashuhudia pamoja nawe? Abu Hurayra alisema hakumwona akinywa, ila alimwona amelewa, anatapika. Qudama akaitwa. Al-Jarud alipozidi kuhimiza adhabu, Umar alimwambia azuie ulimi wake, kwani shahidi akishashuhudia, kazi yake imekwisha. Mke wa Qudama naye aliulizwa, akasema kweli. Qudama akajitetea kwa aya, Umar akamsikiliza na kumweleza alipokosea. Watu wakasema ni mgonjwa, Umar akangoja siku kadhaa. Kisha adhabu ikapita. Na baadaye, walipotoka Hija, Umar ndiye aliyemwita Qudama, wakapatana, akamwombea msamaha.

Sisi hatupigi mtu fimbo, tunaishi chini ya sheria za nchi. Lakini njia ya Umar ni yetu. Sheria ya watumishi wa Leta ya mwaka 2016 inaweka adhabu kwa daraja, kuanzia lawama mpaka kufukuzwa. Basi ewe mkubwa wa kazi: mwondoe mlevi kwenye meza siku ile, mrudishe nyumbani kwa heshima. Andika ulichokiona, si ulichoambiwa. Mpe barua ajieleze. Mpe adhabu iliyoandikwa, isizidi, isipungue. Wala usimfichie Mwislamu kosa ambalo unamwadhibia Mkristo. Wenzetu wasio Waislamu wanakunywa bia kwao, hilo si juu yetu. Lakini saa za kazi ni za raia, na sheria ni moja kwetu sote.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Nawe ndugu yangu unayekunywa, najua utasema mshahara hautoki. Kumcheleweshea mfanyakazi haki yake ni dhuluma, na tuseme hivyo mbele ya wakubwa. Lakini lutuku haijamlipa mtu mshahara hata siku moja. Na wewe unayemwomba raia "pesa ya bia" ili umtilie muhuri, umekusanya haramu mbili kwa mkono mmoja.

Nanyi majirani, msimcheke. Mlevi aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaadhibiwa, na mtu mmoja akamlaani. Mtume alikataza, akasema wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Aliyeadhibiwa asindikizwe msikitini na kituo cha afya, kwani kuacha kilevi peke yake ni kugumu. Na mkewe akilia kwenu, msimwambie avumilie tu. Msaidieni.

Ewe Mola, zilinde akili zetu na mikono yetu. Wape viongozi wetu uadilifu usiojua ujamaa. Warudishe walioteleza, na wapatanishe na watu wao. Amin.

Simameni kwa swala.

(Karatasi hii ina jina la Allah, usiitupe ovyo. Ukishaisoma, mpe mwenzako.)