Bibi Aliyeachiwa Watu Wote

Katika bonde la Kilombero, mpunga huhamisha watu. Mashamba mengi yako mbali na makazi, huko mbugani kunakofurika masika, na masuke yakianza kujaa, kwelea kwelea hawampi mkulima nafasi. Familia hufunga mizigo kwenye baiskeli na kuhamia madunguni, mchana zikiwinga ndege, usiku zikifukuza nguruwe. Nyumbani hubaki wanafunzi na wazee.

Chukua mfano wa bibi mmoja, ambaye angeweza kuwa wa kijiji chochote kando ya Ifakara. Wanawe walimwachia mchele, mafuta na kuni. Binti akawaaga majirani: "Jamani, mama namwacha mikononi mwenu." Wakaitika: "Usijali dada, tupo."

Na kweli walikuwapo. Jirani wa juu alidhani wa chini amemtekea maji. Wa chini alidhani wajukuu wanapita jioni. Balozi aliona hakuna neno, maana hakuna aliyemletea habari. Bibi naye hakutaka kuwa mzigo. Waliopita njiani walimsalimu, "Shikamoo bibi!", naye akaitikia kutoka ndani, "Marahaba wanangu," huku homa ikiwa siku ya tatu. Mtungi ulipokauka alijikongoja kwenda kisimani, akaanguka, nyonga ikavunjika. Mtoto aliyetafuta mbuzi ndiye aliyemkuta, jua likizama. Kitambulisho chake cha matibabu bure kilikuwa chini ya godoro. Hakutembea tena.

Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Binti aliyapokea akilia.

Hapo hapakuwa na mtu mbaya. Palikosekana mpango. Shamba lilikuwa na mlinzi wa mchana na mlinzi wa usiku, kila mmoja akijua zamu yake. Mama aliachiwa neno "tupo".

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure. Zanzibar, tangu 2016, humlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70. Ni hatua kubwa. Lakini huduma humsubiri mzee dirishani. Safari ya kutoka kitandani hadi dirishani ni juu yetu tunaoishi naye.

Kwa hiyo kitongoji kikae kabla watu hawajahamia mbugani. Kila mzee apewe mtu mmoja, kwa jina, naye mzee akubali. Mtu huyo asiishie kusalimu njiani: aingie, aone mtungi, aone chungu, ajue kitambulisho kilipo na nani ana pikipiki ya kumfikisha zahanati. Wakati wa mavuno familia imfikirie mtu huyo kwa mpunga, kwani naye alikuwa kazini.

Ukiuliza nani anamwangalia bibi ukajibiwa "sisi sote", usiondoke bado. Subiri mpaka litajwe jina.