Mawe Mawili Mfukoni

Mizani ni mahali pa ibada, kama ilivyo madhabahu. Sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati humkataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na huuita udanganyifu huo chukizo, neno lile lile ambalo kitabu hicho hulitumia kwa sanamu za miungu, jambo linalofanya kipimo cha uongo kiwe zaidi ya kosa la biashara. Huko Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bei ya gunia la mawe ya kobalti hutegemea tarakimu mbili, yaani uzito wake na kiwango cha madini kilichomo ndani ya jiwe, na mara nyingi zote mbili husomwa na mnunuzi, kwa chombo ambacho mchimbaji mdogo hana namna ya kukihakiki. Wanaodai kobalti safi kwa betri za magari ya umeme huuliza, na kwa haki, kama watoto wamechimba. Ni nadra wao kuuliza ni nani aliyeshika mizani, ingawa Jumapili mchimbaji na mnunuzi huweza kuketi benchi moja kanisani.